Udongo Uliorudi

Karai lilikuwa likizunguka mikononi mwa kaka yangu Chrispin, na maji yakimwagika ukingoni kidogo kidogo, mekundu kwanza, kisha ya rangi ya chai, kisha karibu meupe. Kilima kizima kilikuwa kimeshuka hadi kwenye chemchemi. Kina mama walisimama juu ya mawe. Vijana walichuchumaa karibu mno, mpaka Chrispin akawaambia warudi nyuma, wanamzibia mwanga. Hakuna aliyekohoa. Mimi nilikuwa nyuma ya maman, mama yangu mzazi, nimeshika pindo la kitenge chake kama mtoto, mimi msichana mzima mwenye kazi mjini, na nilikuwa namwomba Mungu jambo ambalo sidhani mtu mwingine amewahi kumwomba mbele ya karai la mchimbaji. Nilimwomba kusionekane kitu.

Kilima chetu kinaitwa Nyabugobe, kiko juu ya Mudaka, si mbali na Bukavu. Chini kina migomba na maharage, katikati nyumba, na juu ni majani matupu hadi mahali mawingu yanapokaa asubuhi. Majani yale ni ya wote. Tangu utoto wangu tulikuwa tunayachoma kila kiangazi, ili mvua ya kwanza ilete machipukizi mapya kwa ng'ombe. Nilipenda ule moto. Tuliuona kutoka mlangoni ukitembea mlimani kama watu wenye mienge, na asubuhi kilima kilikuwa cheusi, na maman aliupangusa uso wangu majivu kwa mate na kidole gumba.

Kisha akaja Maman Ariane. Alikuwa injinia wa kilimo kutoka Bukavu, mwanamke mrefu wa buti za plastiki, na alikaa nasi chini uwanjani kwa papa Ezéchiel, chef wa kijiji, akaeleza kazi yake bila kupaza sauti.

"Kuna viwanda ku Bulaya binatoa moshi," alisema. "Majani inakula ile moshi, inaificha chini mu mizizi. Mukiacha kuchoma, na ng'ombe zikikula kwa zamu, leo huku, kesho kule, udongo itailinda myaka mingi. Bale benye viwanda banalipa juu ya ile."

Cirhuza akanyoosha mkono. Kila kilima kina mtu kama Cirhuza, mtu ambaye hawezi kuacha neno lipite bila kulikanyaga mkia.

"Kwa hiyo, maman, tunauzisha moshi ya muzungu kwa muzungu mwenyewe?"

Watu walicheka hadi papa Ezéchiel akafuta machozi. Maman Ariane naye alicheka.

"Ni vile, papa. Na yeye analipa."

Tuliacha kuchoma. Mwaka wa kwanza wazee walilalamika kwamba kilima kimekuwa na ndevu. Mwaka wa pili majani yalifika kiunoni, na chini yake udongo ulikuwa na unyevu hata katikati ya kiangazi. Ng'ombe wetu alikuwa mmoja tu, jina lake Merci, kwa sababu tulimpata kutoka parokia mwaka aliofariki papa, baba yangu. Alianza kutoa maziwa ambayo maman hakuwa na chombo cha kuyatia. Pesa ya majani ilipokuja mara ya kwanza, kijiji kilijenga birika la maji kule juu, ng'ombe wasishuke tena kuvuruga mashamba, na wazee wawili wakapewa kazi ya kulinda zamu za malisho.

Mimi niliacha shule mwaka wa nne wa primaire. Ni kwa majani yale nilipata kazi. Maman Ariane alimwomba maman msichana wa kumsaidia katika nyumba ya Nguba, mtaa wa Bukavu ulio karibu na ziwa, ambako chini palikuwa ofisi yao na juu palikuwa makazi yake. Maman alinitazama, akasema, "Huyu hasemake, lakini anaonaka." Hivyo ndivyo nilivyoteremka Bukavu.

Mwaka ule watu wa Maman Ariane walipokuja kupima udongo, nilikuwa nimepanda nao kuwapikia. Walikuwa na bomba la chuma. Walilipigilia ardhini kwa nyundo, wakalivuta, na ndani yake ukatoka udongo mrefu kama muhogo, mweusi juu, mwekundu chini. Kutoka kila tundu walijaza mifuko miwili midogo ya plastiki. Mmoja ulikuwa wa kuchomwa katika tanuri la laboratwari, kujua uzito unaopotea, maana kinachopotea motoni ndicho kinacholipiwa. Mwingine ulikuwa wa kukaa bila kufunguliwa mpaka wakaguzi waje kutoka mbali kuhakikisha.

Maman hakutaka udongo uondoke hivyo hivyo. Kwetu, ng'ombe akitolewa, aliyemtoa ndiye humfunga kamba. Kitu cha malisho hakiondoki kama kilichoibwa. Alikata majani, akayasokota kamba, akafunga mdomo wa mfuko kwa fundo lake, lile analomfungia ndama wakati wa kukamua, na kina mama wengine wakamfuata, kila mmoja kwa tundu la upande wa malisho yake. Wale vijana wa Bukavu waliokuja na bomba walitazamana. Maman Ariane alichuchumaa akamshikia maman mfuko wa kwanza, ili aukaze vizuri.

Labda ni mifuko ile iliyoleta maneno.

Vijana wa kwetu wengi walikuwa wamefanya kazi Mwenga, kwenye mashimo ya dhahabu. Kule walikuwa wameona watu wakija na mabomba, wakitoa udongo wa chini, wakiutia katika mifuko midogo yenye namba. Na baada ya mifuko walikuja watu wenye uzio. Sasa waliyaona mambo yale yale juu ya Nyabugobe. Ni nani anachukua udongo hadi Bukavu, anautia motoni, halafu anasema anatafuta moshi? Sikuweza kuwacheka. Kama nisingekuwa nafagia nyumba ile, ningeamini kama wao.

Shimo la kwanza lilichimbwa pembeni ya tundu la bomba, upande wa malisho ya maman. Kisha la pili, kisha sikujua tena mangapi. Majani yaliyotunzwa yalifukiwa chini ya udongo mwekundu. Ukiyatazama kutoka barabarani, ungedhani kilima kimeshikwa na ndui.

Chrispin alirudi kiangazi hicho hicho. Alikuwa amekaa Mwenga muda mrefu, na alirudi na karai lake mgongoni, na kikohozi, na maneno machache kuliko aliyoondoka nayo. Cirhuza alimpokea njiani kwa mikono miwili, kama mkurugenzi wa kampuni.

"Karibu, PDG! Tulishakutayarishia kazi."

Kaka yangu hakucheka. Alipanda malishoni, akatembea shimo kwa shimo, akisimama juu ya kila moja na kuangalia chini kwa muda mrefu. Hakuchimba, wala hakumkataza mtu. Maman aliniambia haya kwa simu, sauti yake imeshuka, na mimi nikaelewa kama alivyoelewa yeye: Chrispin anapima. Akimaliza kupima, ataanza, na akianza yeye, kilima kizima kitaanza.

Halafu mtamba wa papa Ezéchiel akaanguka katika shimo. Walimtoa akiwa hai, mguu umevunjika, wakamchinja.

Maman Ariane alirudi Nguba siku ile na tope hadi magotini. Niliweka chakula mezani. Hakukigusa.

"Bakaguzi banakuja kisha mvua," alisema, sijui kwangu au kwa sahani. "Bakikuta mashimo, banafuta Nyabugobe. Na bako na haki. Nilienda kusema na batu, banasema tu: rudisha zahabu yetu."

Nilikwenda jikoni. Nilisimama mbele ya beseni la vyombo na neno lilikuwa mdomoni mwangu kama kipande cha ugali cha moto, siwezi kulimeza wala kulitema. Kila siku nilikuwa napangusa vumbi chini ya ngazi, na kila siku niliiona mifuko iliyobaki, imepangwa katika sanduku, na kamba za majani zilizokauka midomoni. Fundo la maman nilikuwa naligusa kila mara, hivi tu, kama mtu anavyogusa picha.

Nilirudi. Nilichukua sahani ambayo haikuwa imeliwa, nikaisemesha hiyo sahani.

"Maman Ariane. Ile sashe ya chini ya ngazi."

"Iko na nini?"

"Iko na fundo ya maman. Ingine iko na ya maman Bisimwa. Haiyafunguliwa. Batu ba kwetu banaijua ile mafundo. Tuirudishe, baoshe ule udongo bo benyewe, mu karai, vile banaoshaka."

Nje, mtumbwi wa motori ulipita ziwani, naye akaufuata kwa macho mpaka sauti ikaisha.

"Ile ni ya bakaguzi, Nsimire."

"Najua."

"Nitabaambia ukweli, ya kwamba tulifungua kiasi mbele ya kijiji. Inawezekana. Lakini wewe unajua mizuri mu ile udongo hamuna kitu? Mimi sikupima zahabu. Sikuitafuta. Bakipata kitu ndani?"

Aliivuta sahani kutoka mikononi mwangu, akala vijiko viwili, akasema tutapanda siku ya Mungu, baada ya misa. Swali lake nililala nalo, nikaamka nalo, nikapanda nalo kilima nikiwa nimepakata sanduku magotini ndani ya jeep. Kama dhahabu ingeonekana hata chembe moja, ni mimi ningekuwa nimeipeleka.

Papa Ezéchiel aliweka sanduku juu ya jiwe kwenye chemchemi, akainua mfuko mmoja mmoja mbele ya watu.

"Hii fundo ni ya nani?"

"Yangu," alisema maman.

"Na hii?"

Kila mama alitambua lake bila kukosea, kama mtu anavyotambua mtoto wake akitoka shuleni.

"Nani aliilinda kule Bukavu?" papa Ezéchiel akauliza.

Nilidhani Maman Ariane atajibu. Alinitazama tu. Watu wote wakageuza vichwa, na nikaona Chrispin amesimama peke yake upande wa pili wa maji, karai limeegemea mguu wake.

"Ni mimi," nikasema.

"Mutoto ya Adolphine anasemaka kumbe," mtu akasema, akimtaja maman kwa jina, na kicheko kidogo kikapita, kikanisaidia kupumua.

Cirhuza hakuwa amemaliza. "Fundo inafunguliwa, inafungwa tena. Hii ni nini? Ni majani."

Maman akainama, akang'oa majani, akayasokota, akampa kamba na mfuko mtupu. "Funga kama yangu."

Cirhuza akafunga. Alizungusha, akapitisha, akakaza, akainua mfuko juu, na kamba yote ikafunguka ikamwangukia kwenye viatu.

"Ah, Cirhuza," alisema maman Bisimwa. "Sasa tunajua juu ya nini unakosaka maziwa. Ndama yako inanyonyaka usiku muzima."

Hata Cirhuza mwenyewe alicheka. Lakini alipoacha kucheka alisema, "Basi ioshwe. Na aioshe Chrispin. Mukono yake ilishatajirisha batu ku Mwenga."

Ndilo nililoogopa. Kaka yangu alisita, akamtazama maman, kisha akavua shati, akaliweka juu ya jiwe, akaingia majini. Maman alifungua fundo lake mwenyewe. Udongo ukaanguka ndani ya karai, kidogo sana, kiasi cha kujaza kikombe.

Nimeshasema jinsi maji yalivyotoka. Mekundu, ya chai, karibu meupe. Mikono ya Chrispin haikuwa na haraka. Wakati mwingine alisimamisha karai, akachovya, akainamisha tena. Mchanga ukapungua, ukawa mstari mwembamba mweusi chini, kama nyusi. Na ndani ya mstari ule kitu kikang'aa.

Watu wote walikiona. Nilisikia pumzi yao. Vidole vyangu viliingia ndani ya kitenge cha maman, nikafumba macho, na nilipofumba niliona kilima chote kimepinduliwa, birika limevunjwa, Merci amefungwa kamba akiuzwa barabarani. Nilipofumbua, Chrispin alikuwa ameiokota ile chembe kwa ncha ya kidole. Aliinua kidole kwenye jua. Kisha akakitia mdomoni.

Aliuma kwa meno ya mbele, polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Uso wake haukuonyesha lolote.

"Mika," akasema, lile jiwe la kung'aa lisilo na bei. Akatema majini. "Zahabu haivunjikake. Unaiuma, inalala tu. Hii imekuwa unga."

"Tungeiona kwanza," alisema Cirhuza.

"Iko mu maji. Itafute. Ao chukua karai, osha ingine wewe."

Cirhuza akaingia majini na suruali yake ya misa. Aliosha mfuko wa maman Bisimwa. Hakuna kitu. Akaosha mwingine, kutoka mahali alipokuwa amechimba shimo lake mwenyewe hadi kichwa chake kikazama ndani. Alipofika kwenye mstari mweusi aliuinamia karibu pua iguse, akautawanya kwa kidole, akaona vile vitu vinavyong'aa, akaviuma. Tulisubiri. Akatema.

"Mika," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba kitu kibaya.

Alimpa kijana mwingine wa Mwenga karai, yule naye akaosha, naye akatema. Hapo mtu mmoja akaanza kucheka, sijui nani, na kicheko kikatembea kama ule moto wa zamani, kutoka jiwe hadi jiwe. Papa Ezéchiel, ambaye alikuwa amepoteza mtamba, alikaa chini juu ya sanduku lile tupu.

"Tumepata bule, hakuna kitu," alisema. "Aksanti Mungu. Tumepata bule kabisa."

Maman Ariane alikuwa amegeuka upande wa ziwa. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka, nikadhani analia, kumbe naye alikuwa anacheka bila sauti, mkono juu ya mdomo.

Mashimo yalifukiwa kwa yale majembe yaliyoyachimba. Juu yake walipanda mabonge ya majani yaliyong'olewa na mizizi yake pembezoni mwa njia, na mvua ikayashika. Wakaguzi walikuja, wazungu wawili na Mkongo mmoja kutoka Kinshasa, wakatembea mlimani siku nzima. Maman Ariane aliwaambia kila kitu, mashimo na mifuko iliyofunguliwa. Mkongo aliandika, mzungu mmoja aliomba kuliona karai, na Cirhuza akamwonyesha jinsi linavyozungushwa, kama aliyekuwa upande huo tangu mwanzo. Walichukua udongo mwingine. Kina mama waliufunga. Pesa ilikuja baada ya Noeli, na sasa kuna mahali pa kupokelea maziwa kando ya barabara, pana bati jipya na mizani.

Lakini mimi nikikumbuka kiangazi kile, kinachonijia kwanza ni jioni ya siku ile ile ya chemchemi. Jua bado lilikuwapo. Maman Ariane alikuwa amenipa ruhusa ya kulala nyumbani. Maman alikuwa anakamua, na Chrispin na mimi tulikaa kando, yeye ameshika ndama aliyefungwa mtini kwa kamba ya majani. Maziwa yalikuwa yanagonga ndani ya kibuyu, sauti nyembamba mwanzoni, kisha nzito. Karai lake alikuwa ameligeuza juu chini, analikalia.

"Yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa. Hii ilikuwa mara yangu ya pili kusema siku hiyo, na ya kwanza bila kuulizwa. "Ile ya kwanza. Ilikuwa mika ya kweli?"

"Ilikuwa mika."

Alikuna ndama nyuma ya sikio.

"Kule nilikuwa, kulikuwa kilima kama hii," akasema. "Ya majani. Bazee ba kule banakumbuka ng'ombe. Mi nilikuta shimo tu. Siku ingine shimo ikafunga, batu bakiwa ndani. Mi nilikuwa juu, nashika kamba." Akaikaza kamba ya ndama. "Mulidhani nikiangalia mu mashimo ya hapa, natafuta nini?"

Alikohoa, akangoja kikohozi kipite.

"Pale mu maji, ilipong'aa, sikujua bado kama ni mika. Lakini nilishakata shauri mbele ya kuiuma."

"Shauri gani?"

"Kama haingevunjika, ningeimeza."

Maman hakugeuka, lakini sauti ya maziwa ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Alipomaliza, aliinuka na kibuyu chake na kumpa kaka yangu ishara kwa kidevu. Chrispin akavuta ncha moja tu ya kamba ya majani, fundo likafunguka lote, na ndama akakimbilia kwa mama yake.